Mzee Cassien na Pete ya Njia

Gaudiose aliweka dumu lake chini ya bomba, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasema reli inakuja Gikondo.

"Reli gani?" nikamwuliza.

"Reli ya treni, Mama Kaliza, iko nyingine? Iko mzee mmoja amekuja kuipima. Ana kofia ya stesheni, ana bendera mbili, nyekundu na kijani. Jana alipanda ile njia ya ghala la Léonidas akitazama chini kama mtu aliyeangusha ufunguo. Nyumba zetu zote zitabomolewa. Weye endelea tu kukaanga mandazi."

Gaudiose ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Habari zake huwa nusu, lakini ile nusu huwa kweli. Nilirudi nyumbani mbio, maji yananimwagikia miguuni, na wala si kwa kuogopa kubomolewa. Mimi sikuwa nimewahi kuona treni. Darasa la tano mwalimu alituchorea moja ubaoni, ndefu, mpaka chaki ikafika kwenye mlango, halafu akasema nchi yetu haina kitu hicho, akaifuta tukaanza hesabu. Mimi nilikuwa bado naitazama. Kwa hiyo asubuhi ile nilijisemea, kama kweli inakuja mpaka chini ya kilima chetu, acha wabomoe. Nitamwinua Kaliza juu aione.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1992. Barabara ya Gatuna, ya mpaka wa kaskazini, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, na karibu kila kitu, chumvi, sabuni, unga wa ngano, kilitoka Dar es Salaam kwa treni mpaka Isaka, halafu malori yakakileta kwetu kwa njia ya mpaka wa Rusumo. Baba Kaliza alikuwa utingo kwenye malori hayo. Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi chini ya bati moja, pale pale njia ya ghala inapoachana na barabara kubwa. Kaliza mgongoni, jiko mbele, na malori pande zote.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, lori moja tu, inapanda kilima mpaka kwa Léonidas. Upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu. Upande mwingine ni bonde, na ng'ambo ya bonde unaona Kimihurura. Katikati iko kona yenye mikaratusi, na pale anayeshuka hamwoni anayepanda. Kila siku malori yalikutana kwenye kona. Mmoja lazima arudi nyuma, na nani atakubali? Nimesikia pale matusi ya nchi nne. Masika yaliyopita lori moja lilirudi nyuma, magurudumu ya nyuma yakatoka njiani, likabaki linaning'inia juu ya bonde. Mtu hakufa. Lakini chumvi ilimwagika yote, na mpaka leo ng'ombe wakifikishwa pale bondeni hawataki kuondoka.

Baada ya hapo Léonidas, mwenye ghala, alisema: lori moja tu likikwama tena, anafunga, anahamia kilima kingine. Akihama yeye, wapakuzi wamehama, malori yamehama, na mimi na jiko langu tunauzia nani?

Yule mzee wa Gaudiose alikuja kwenye kibanda changu siku hiyo hiyo. Mwembamba, kofia yenye ukingo mweusi mbele, bendera zimekunjwa kwapani. Aliagiza chai, akaipuliza, akatazama njia, akatazama tena. Sikuweza kuvumilia.

"Muzehe," nikasema, "ni kweli unatuletea treni?"

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Treni sina, binti yangu. Nina kanuni zake tu. Unaitwa nani?"

"Mama Kaliza."

"Mimi ni Cassien. Nikurudishie kiti chako nikae chini, au nikikalie tuzungumze?"

Akakikalia, tukazungumza. Alizaliwa Ndera, akiwa kijana akaenda kwa miguu na wenzake mpaka Tanganyika, kutafuta kazi kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo. Siku moja akaona treni ya mizigo inapita, akaacha jembe pale lilipokuwa. "Mpaka leo sijui nani alilichukua," alisema. Alianza kwa kufyeka majani kando ya reli na kushindilia mawe chini ya mataruma. Halafu akawa mgeuza njia, yule anayevuta mkono wa chuma ili treni iingie huku na si kule. Mwisho akapewa stesheni ndogo kwenye tawi la kwenda Mpanda. Chumba kimoja, tangi la maji, kengele. Treni zenyewe chache, mabehewa ya tumbaku, nta, mahindi, magogo. Alivyozitaja, ungedhani anataja watoto wake.

"Sasa sikiliza," akasema, akavuta sinia langu la mandazi. Akapanga mandazi mstari mmoja mezani. "Reli ni moja. Treni hii inatoka huku, na hii inatoka huku. Zikikutana katikati, nani anarudi?"

"Hakuna."

"Umeona! Kwa hiyo iko pete. Pete kubwa ya chuma, ina mkoba mdogo, ndani ya mkoba iko alama ya kipande hicho cha njia. Pete ni moja tu. Dereva asiye nayo mkononi haendi, hata kama rais yuko ndani. Treni ikipita bila kusimama, mimi nainua pete hivi, dereva anatoa mkono dirishani, anainyakua. Pah!" Akapandisha mkono wa shati. Kwenye mkono kulikuwa na kovu refu, pete ilimchapa siku moja ya mvua.

Baada ya kustaafu alirudi Ndera kwa dada yake, akapewa shamba la maharage. "Maharage mazuri," alisema, "lakini hayapigi honi. Naamka asubuhi, nasikiliza. Kimya. Napalilia, nasikiliza tena." Halafu akasikia habari za njia ya Gikondo, akaja kwa baiskeli kumwona Léonidas. Akamwomba: nipe njia hii mpaka mvua ziishe. Malori yakikwama siku moja, narudi kwenye maharage na hutasikia jina langu. Léonidas akafikiri kidogo, akasema haya, na mvua zikiisha salama, kazi ni yako, na kile chumba cha langoni juu ni chako.

Aliponiambia habari ya chumba kile alishusha sauti. Nilielewa. Chumba kimoja, langoni, malori yanapita mbele ya mlango. Hakuwa anatafuta kitu kingine chochote duniani.

Pete aliitengenezesha kwa fundi mmoja wa Gakinjiro, nondo iliyokunjwa, ikazungushiwa mpira mwekundu. Juu alikaa yeye mwenyewe. Chini, karibu na jiko langu, alichimbia nguzo, akapiga msumari. Anayeshuka anashuka na pete, anaitundika msumarini. Anayepanda anaichukua, anapanda nayo, anampa Cassien mkononi. Wakiwa watatu wanafuatana, wa mwisho ndiye anaibeba. Na kama chini hakuna anayepanda, Cassien mwenyewe alishuka kwa miguu kuifuata, na goti lake moja halikupenda.

Madereva walimcheka, wee! Dereva Bayingana, mwenye mdomo kuliko wote, aliishika pete kwa vidole viwili. "Muzehe, hii ni barabara au ni harusi? Mimi nimeshaoa. Mke wangu akiniona na pete ya ukubwa huu ataniua."

"Mwambie ni ya kukurudisha nyumbani mzima," Cassien akajibu.

"Mpelekeni Ndera!" mwingine akapiga kelele toka nyuma, maana Ndera ndiko iko hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Nimetoka huko asubuhi," akasema Cassien. "Wanakusalimia. Wanauliza unarudi lini."

Hata Bayingana alishika tumbo kwa kucheka. Na akapanda na pete.

Nami nilitazama. Siku za kwanza waliitundika kwa hasira. Baadaye nikaona wanashusha kioo cha dirisha mapema. Baadaye tena, wakawa hawataki hata kusimama, wanapunguza mwendo tu, mkono nje, wanainyakua msumarini, pah!, kama alivyosema. Kwenye kona ya mikaratusi hakuna tusi. Watoto wa mtaa walikaa ukutani wakipiga kelele "Gari ya moshi! Gari ya moshi!" na Kaliza alikuwa anarusha miguu mgongoni mwangu. Gaudiose alianza kuwaambia watu kwamba ni yeye aliyeleta habari ya kwanza.

Mvua zilikuwa karibu kuisha siku ile Habiyaremye alipoondoka na pete.

Habiyaremye alikuwa dereva mpole, anaimba nyimbo za kanisani akiendesha. Aliipenda pete kuliko wote. Akishuka aliitundika kwanza kwenye kioo chake cha ndani, pamoja na rozari, ndipo akifika chini aitoe. Siku hiyo alishuka bila mzigo, ana haraka ya Rusumo, mawingu meusi yamejaa juu ya Kimihurura. Alifika chini, akatazama barabara kubwa kushoto na kulia, akaona nafasi, akaingia. Nikaona pete nyekundu inacheza kwenye kioo.

"Habiyaremye!" nikapiga kelele. "Pete! Pete!"

Akanipigia honi ya salamu, mkono nje, akatokomea.

Malori matatu ya unga wa ngano yalikuwa chini yanasubiri kupanda, maturubai yenyewe yametoboka. La kwanza ni la Bayingana. Alitazama msumari mtupu, akanitazama.

"Mama Kaliza, bibi harusi amekimbia?"

"Amekwenda Rusumo na Habiyaremye."

"Basi njia iko tupu. Wa juu hashuki bila pete, na pete haiko. Mimi napanda." Akaweka mguu kwenye ngazi ya mlango.

Kutoka juu honi zilikuwa zimeanza. Huko kulikuwa na malori mawili ya maharage ya watu waliokimbia vita kaskazini, na madereva wake walikuwa wameahidiwa kuondoka mapema.

"Na wa juu akisema hivyo hivyo?" nikamwuliza. "Akisema wa chini hapandi bila pete, kwa hiyo yeye anashuka?"

Bayingana alibaki na mguu mmoja ngazini. Alitazama kona ya mikaratusi. Baba Kaliza hupita kona hiyo, watoto wa watu hupita kona hiyo.

"Nisubiri," nikasema. "Naenda juu mwenyewe."

Nikamwita Gaudiose ashike jiko, nikakaza kitenge cha Kaliza kifuani, nikapanda mbio. Udongo unateleza, mtoto anacheka, anadhani ni mchezo. Kwenye kona nikasikia injini inawashwa huko juu, ikanguruma, na mimi nikapiga kelele sijui maneno gani. Sijui nilipata wapi pumzi.

Juu nilimkuta Mzee Cassien amesimama katikati ya njia, bendera nyekundu imefunguliwa kwa mikono miwili, na pua ya lori la maharage iko pale, karibu imguse. Madereva wanamzunguka, kila mmoja na lake. Léonidas alikuwa ametoka ofisini, mikono nyuma.

"Cassien," alikuwa anasema, taratibu kabisa, "ndiyo siku ile tuliyoisema."

Mzee aliinua bendera juu zaidi. Aliponiona, uso wake ulikuwa wa mtu ambaye tayari amerudi kwenye maharage.

"Pete imekwenda," nikasema, nahema. "Habiyaremye ameondoka nayo."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Ilikuwa kwenye kioo."

"Ameingia barabara kubwa? Gari lote, mpaka mkia?"

"Mpaka mkia."

"Nyuma yake iko mtu ameingia njia yangu?"

"Hapana. Bayingana ananisubiri. Na mimi nimepanda njia yote kwa miguu, sikukuta hata mbuzi."

Aliuliza swali moja moja, kwa heshima, kama anaongea na ofisi. Halafu akavua kofia, akapangusa kichwa, akaivaa tena imenyooka. Na hapo nikaona kitu kinarudi machoni mwake.

"Mama Kaliza, una kitambaa chekundu?"

Nilikuwa nimejifunga kimoja kichwani. Nikakifungua, nikampa. Akakifunga mkononi, juu ya kiwiko, fundo akalikaza kwa meno.

"Wakubwa," akasema, akawageukia madereva na Léonidas pamoja, "hata reli hupoteza pete. Njia haifi kwa hilo. Iko desturi: mtu mmoja anafunga kitambaa chekundu, na mtu huyo ndiye pete mpaka pete irudi. Mtu hashuki na mtu hapandi mpaka nimekuja kwake na mwili wangu na kumwambia nenda. Na gari la mwisho linanibeba mimi. Leo pete ni mimi."

Dereva mmoja akacheka kidogo, halafu akaona ni yeye peke yake anayecheka.

"Kwa goti hilo?" akauliza Léonidas.

"Goti halikuulizwa."

Léonidas alitazama mawingu. Akasogea pembeni ya njia.

Lori la kwanza la maharage likaambiwa nenda. Cassien akapanda kwenye ngazi ya la pili, akashika kioo, akanigeukia. "Ingia ndani na mtoto, urudi chini. Stesheni haiachwi bila mtu."

Nikaingia. Tukashuka! Lori mbele yetu, sisi nyuma yake, mzee nje ya dirisha, bendera ya kijani inapepea, filimbi mdomoni. Kwenye kila mkunjo wa njia alipuliza, na watoto ukutani walijibu, na kwenye kona ya mikaratusi Kaliza alipiga makofi ya kwanza maishani mwake. Nilimwinua mpaka dirishani. Mwanangu, nikasema moyoni, ukitaka kujua treni ni nini, basi ni hii.

Chini Bayingana bado mguu wake mmoja ulikuwa kwenye ngazi. Cassien akaruka chini, akaenda kwake akichechemea.

"Nenda wewe. Wa pili amfuate. Wa tatu ananibeba mimi."

"Ndiyo, Muzehe," akasema Bayingana. Hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyeshangaa.

Mvua ilianza wakati la tatu linapita kona, lakini unga uliingia ghalani mkavu. Halafu mvua ikawa mvua kweli. Malori mengine yalikuja, mengine yakashuka, na mzee alipanda na kushuka nayo, amesimama nje, kofia imelowa imekuwa kama chapati. Walimwambia aingie ndani ya kabini, akakataa, pete lazima ionekane. Nilimpa chai anapofika chini, akainywa amesimama, akanirudishia kikombe akiwa juu ya lori linaloondoka. Madereva walianza kumwita kutoka mbali. "Pete! Muzehe Pete! Zamu yangu!" Gaudiose alipiga vigelegele kila lori la mwisho lilipopita, mpaka sauti ikamkauka, na hiyo pia sikuwa nimewahi kuiona.

Hakuna lori lililokwama. Hata moja. Jioni Léonidas alishuka mwenyewe na mwavuli, akamkuta Cassien amekaa kwenye dumu langu, goti limevimba. Alimwekea ufunguo wa chumba cha langoni kwenye kiganja, akakifunga kiganja hicho kwa mkono wake, akapanda.

Kesho yake asubuhi Baba Kaliza alifika kutoka Rusumo, pete nyekundu imemning'inia shingoni, anacheka. Habiyaremye alikuwa ameigundua alipofika mpakani, wakati wa kusali, karibu alie. Akampa Baba Kaliza na dereva wake, waliokuwa wanarudi, na ujumbe kwamba asamehewe, kwamba ataleta ndizi.

Mzee Cassien alishuka kwa miguu, polepole, ameegemea ufito wa bendera. Alisalimiana na mume wangu, akapokea pete, akaizungusha akiikagua kama imeumia. Halafu akakaa kwenye kiti changu. Kutoka mfukoni akatoa kile kitambaa changu chekundu, kimefuliwa, kimekunjwa, akakiweka mezani kati ya mandazi. Akaweka pete juu yake. Ile nguzo ilikuwa pale pale na msumari wake mtupu, hata hakuitazama.

"Mama Kaliza," akasema, "kosa la jana halikuwa la Habiyaremye. Lilikuwa langu. Nilijenga njia yenye stesheni moja, chini nikaweka msumari. Msumari hauoni. Haupigi kelele. Haupandi kilima na mtoto mgongoni." Akaisukuma pete kuelekea kwangu kwa kidole kimoja. "Nimeongea na Léonidas, amekubali, lakini nimemwambia lazima nikuombe mimi. Uwe stesheni yangu ya chini. Anayeshuka aiweke mkononi mwako, anayepanda aipokee mkononi mwako, na usimpe mtu mpaka wewe mwenyewe umeridhika. Hata Bayingana akikuimbia. Hata huyu hapa," akamwonyesha Baba Kaliza, "akikuangalia kwa macho mazuri. Utanishikia njia, binti yangu?"